Ngazi, jedwali au namba tu: njia ipi ya kufundishia kilo, senti na mili?

Mwalimu wa hesabu akifika mada ya vipimo, njia za kufundisha viambishi zipo kadhaa, lakini mara nyingi hushika ile aliyofundishwa yeye: sentensi ya kukariri, ngazi ya vipandio saba, jedwali la safu saba, au kuwaambia watoto moja kwa moja kwamba kilo ni elfu na senti ni sehemu moja ya mia. Mtoto akipanda darasa anamkuta mwalimu mpya na njia mpya, na ile ya zamani inafutwa ubaoni kama vile ilikuwa kosa. Afadhali walimu wa shule moja wakae chini wakubaliane. Ulinganisho huu ni wa kuwasaidia katika kikao hicho.

Nimezipima kwa mambo matatu. La kwanza: mtoto akisahau katikati ya mtihani, njia yenyewe inampa pa kushika, au ndiyo imekwisha? La pili: inasimama ikifika eneo na ujazo, mahali ambapo wengi huanguka? La tatu: inamfikisha kwenye megawati na maikrogramu, au inamwacha kwenye kilomita? Muda wa kufundisha sikuupa uzito mkubwa. Njia inayofundishwa kwa dakika kumi halafu ikarudiwa kila muhula kuanzia P.4 hadi P.7, yaani darasa la nne hadi la saba, haijaokoa muda wowote.

Msimamo wangu nautoa mapema ili usome ukiujua: kiambishi ni namba. Kilo si kipandio cha juu kabisa wala si neno la kwanza la sentensi; ni 1,000. Njia inayomwonyesha mtoto namba hiyo naipa alama, inayoificha naipunguzia.

Sentensi ya kukariri

Wengi wanaijua ile ya Kiingereza ya mfalme Henry na maziwa yake ya chokoleti. Shida yake ni kwamba mtoto wa Busia au Arua hana habari na Henry, kwa hiyo anabeba mizigo miwili: akariri sentensi kwanza, ndipo akariri vipimo. Ya Kiswahili hutungwa mara moja: Kaka Hamisi Daima Mvivu, Dada Salma Mchapakazi. Kilo, hekto, deka, mita, desi, senti, mili. Kaka amekaa upande wa vikubwa, dada upande wa vidogo, mita katikati. Wasichana wataifurahia, wavulana watalalamika, na malalamiko hayo ndiyo yataifanya isisahaulike.

Ila sentensi inatoa mpangilio tu, ukubwa haitoi. Mwulize aliyeikariri vizuri kabisa: mita moja ina sentimita ngapi? Atahesabu kwa vidole kutoka Mvivu hadi Salma, atapata mbili, na kama hakuambiwa kingine ataandika 2, au 20. Hakuna neno hata moja katika sentensi litakalomwambia kwamba ni 100. Halafu kuna D mbili na M mbili, na ukihama kwenda lita, yule M wa katikati inabidi aondoke aingie L. Na karatasi ya mtihani imeandikwa kwa Kiingereza: senti pale ni herufi c, wala Salma hana c. Mwalimu anayeeleza kwa Kiswahili, jambo ambalo halina haja ya kuombewa radhi tangu Baraza la Mawaziri la Uganda lilipoidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2022, bado lazima alama za kimataifa aziandike ubaoni kila siku.

Kwa hiyo sentensi ni msaada wa kujengea jedwali, basi. Ikisimama peke yake naiweka mwisho.

Ngazi

Ngazi ina sifa moja kubwa: inachorwa haraka, hata pembeni mwa karatasi ya majibu. Vipandio saba, kilomita juu, milimita chini, kila kipandio ni kumi. Ukishuka unazidisha, ukipanda unagawanya. Aliyesahau kama ni hatua mbili au tatu anazihesabu kwa ncha ya kalamu. Hapo imeishinda sentensi, kwa sababu ile kumi ipo wazi.

Penye tatizo ni upande. Mwili wa mtoto unamwambia kushuka ni kupungua, na ngazi inamwambia akishuka azidishe. Chukua swali hili: kitambaa cha sentimita 250 ni mita ngapi? Mtoto anapanda vipandio viwili, anaona amekwenda juu, anazidisha mara 100, anaandika mita 25,000. Hiyo ni kilomita 25. Ni gauni ambalo ukilitandaza kutoka katikati ya Kampala linapita Mukono. Ngazi yenyewe haimzuii, kwa sababu imemfundisha kusogeza nukta, haijamfundisha kutazama jibu.

Dawa ya kosa hili ni fedha. Noti moja ya shilingi 10,000 ukiichenji kwa sarafu za 500 unapata vipande 20: kipande kimekuwa kidogo, idadi imekuwa kubwa, fedha ni ileile. Mtoto aliyetumwa dukani anaelewa hapohapo. Mfano wa senti mia katika shilingi, unaofaa nchi nyingine, hapa usijaribu; shilingi ya Uganda haichenjiki kwa senti, na mtoto hajawahi kuishika sarafu ya senti hata moja.

Ngazi inavunjika ikifika eneo. Mita moja ya mraba ina sentimita za mraba ngapi? Aliyelelewa na ngazi anasema 100, bila wasiwasi, kwa sababu vipandio ni viwili. Jibu ni 10,000. Sasa unamchorea ngazi ya pili ambayo kila kipandio ni 100, na kwa ujazo ngazi ya tatu ambayo kila kipandio ni 1,000. Anabaki na ngazi tatu kichwani, na kila swali linamtaka kwanza akumbuke ni ipi. Kisha sekondari anaambiwa juu ya kilo kuna mega, lakini mega haipo kipandio kimoja juu ya kilo. Ipo vitatu, na vile viwili vya katikati havina jina. Nimeona ngazi ambapo mega imewekwa juu tu ya kilo kana kwamba ni mara kumi. Mchoro mmoja kama huo, na mwalimu wa fizikia atahangaika nao hadi S.4, mwaka wa nne wa sekondari.

Jedwali

Jedwali ni ngazi iliyolazwa, lakini kulazwa huko kunabadilisha mambo. Hapa nukta haihami. Tarakimu zinakaa kwenye safu zake, moja kila safu, kama ilivyo kwenye mamoja, makumi na mamia ambayo mtoto anayajua tangu P.2. Chukua kilomita 2 na mita 45, uziandike kwa mita:

| km | hm | dam | m | dm | cm | mm |
|---|---|---|---|---|---|---|
| 2 | 0 | 4 | 5 | | | |

Jibu linasomeka lenyewe: mita 2,045. Bila jedwali, nusu ya darasa wataandika 245, kwa kuunganisha 2 na 45. Kosa hili ngazi hailigusi kabisa, kwa sababu mtoto haoni kwamba safu ya hekto iko tupu na inadai sifuri. Jedwali linamwonyesha shimo. Kwa maoni yangu hii peke yake inatosha kuliweka juu ya ngazi katika shule ya msingi.

Jingine: hekto na deka hatimaye zinapata kazi. Watoto huuliza, na wana haki, kwa nini wajifunze dekamita ambayo hawajawahi kumsikia mtu akiitaja sokoni wala barabarani. Ndani ya jedwali jibu ni rahisi, zinashikilia nafasi. Nje ya jedwali hekto inaonekana sana sehemu moja tu, kwenye hekta, ambayo ni mraba wenye mita 100 kila upande, yaani mita za mraba 10,000. Na hata hiyo, Uganda tunapima shamba kwa ekari, karibu mita za mraba 4,047, na mjini ploti inauzwa “50 kwa 100”, kwa futi. Usimfiche mtoto jambo hili. Akienda kupima ploti na mjomba wake atakuta futi, na ataona kwamba darasani ulikuwa unamwimbia.

Kuhusu alama, kuna desturi ya kuandika dekamita kwa D kubwa, Dm, ili isigongane na dm ya desimita. Alama ya kimataifa ni da, kwa hiyo dam. Ni kiambishi pekee chenye alama ya herufi mbili, na ukiweka sawa mapema unaondoa utata wote wa D.

Kwenye eneo jedwali linasimama, ingawa kwa kujikaza. Kila safu unaigawa mara mbili, kwa ujazo mara tatu, kisha unajaza tarakimu kama kawaida. Walimu waliosomea mfumo wa Kifaransa wanalitumia hivi, na ukiwa na wanafunzi waliotoka Kongo, kama ilivyo katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale au Kyangwali, unaweza kukuta tayari wanalijua jedwali lenye safu zilizogawanywa, huku wenzao hawajawahi kuliona. Waache wao ndio walichore ubaoni.

Upungufu wake ni upana. Kutoka mega hadi maikro unahitaji safu kumi na tatu. Karatasi inaisha, na mtoto anatumia dakika tano za mtihani kupiga mistari.

Kiambishi kama namba

Ukipita mjini leo utaona bei zimeandikwa 5k, 20k, 150k. Hakuna mtoto wa P.5 anayehitaji kuelezwa kwamba 20k ni shilingi elfu ishirini. Ile k ni kilo ya hesabu, na mtoto anaitumia kama namba kabla hujafungua kitabu. Njia ya nne inaanzia hapo: palipo na k, weka 1,000. Palipo na c, weka 1/100. Palipo na m mbele ya kipimo, weka 1/1,000. Hakuna kupanda wala kushuka.

Kilomita 3.5 ni mita ngapi? Ifute k, uandike 1,000 mahali pake: 3.5 × 1,000 m, yaani 3,500 m. Miligramu 500 za kidonge cha paracetamol ni gramu ngapi? 500 × 1/1,000 g, nusu gramu. Mililita 500 za chupa ya maji? Kwa njia ileile, nusu lita. Mtoto anaanza kuona kwamba gramu, lita na mita hazina majedwali matatu tofauti. Kuna viambishi vilevile vimebandikwa mbele ya maneno tofauti. Huu ni ufahamu ambao ngazi na sentensi huuchelewesha, kwa sababu kila kipimo kinachorewa ngazi yake, na kwa sababu sokoni “kilo” ni kitu kinachopimwa kwenye mizani, sukari au maharage, haihusiani na barabara ya kwenda Jinja.

Kwenye eneo ndipo njia hii inapowaacha wenzake mbali. Kanuni ni moja: kiambishi kimeshikamana na kipimo, na kile kipeo cha 2 kinavihusu vyote viwili. Alama cm² ni sentimita mara sentimita. Si sehemu ya mia ya mita ya mraba. Kwa hiyo sentimita za mraba 45 kwa mita za mraba:

45 × (1/100 m) × (1/100 m) = 45/10,000 m² = 0.0045 m²

Hakuna ngazi ya pili ya kukumbuka. Mtoto anaandika anachokiona, mara mbili kwa eneo, mara tatu kwa ujazo. Ujazo wenyewe una mfano wa nyumbani kabisa: bili ya maji ya bomba huhesabiwa kwa mita za ujazo. Mita moja ya ujazo ni desimita 10 × 10 × 10, desimita za ujazo 1,000, na desimita moja ya ujazo ndiyo lita. Kwa hiyo uniti moja kwenye bili ni lita 1,000, sawa na jerikeni 50 za lita 20. Mpe mwanafunzi bei anayolipa nyumbani kwa jerikeni moja kwa muuza maji na bei ya uniti moja kwenye bili, aseme nani anauza ghali. Hapo huhitaji kumshawishi mtu kwamba vipimo vina maana, na mtaala mpya wa sekondari ya chini, ulioanza na S.1 mwaka 2020, unataka hasa maswali ya namna hii.

Juu ya kilo inafika bila kujikaza. Mega ni milioni, giga ni bilioni. Bwawa la Karuma lina uwezo wa megawati 600: 600 × 1,000,000, wati milioni 600. Uniti moja ya Yaka, umeme wa kulipia kabla, ni kilowati-saa moja, wati 1,000 kwa saa moja, kwa hiyo balbu ya wati 10 itawaka saa 100 kabla ya kuimaliza. Redio za FM ziko kati ya megahezi 88 na 108. Bando ya GB 1.5 ni MB 1,500. Kwa bando, jiandae: mwanafunzi wa kompyuta atanyosha mkono aseme ni 1,024. Hajakosea sana. Kompyuta huhesabu kwa vipeo vya 2, na 1,024 ni 2 kwa kipeo cha 10. Viambishi maalumu vya hesabu hiyo, kama kibi na mebi, viliwekwa mwaka 1998. Kwenye mfumo wa vipimo vya kimataifa, kilo inabaki 1,000 kamili, na jibu hilo ndilo la kuandika.

Mfano wa mega ninaoupenda kuliko yote uko barabara ya Masaka, pale Kayabwe penye alama ya ikweta. Wafaransa walipoibuni mita miaka ya 1790 waliikusudia iwe sehemu moja ya milioni kumi ya umbali kutoka ncha ya kaskazini ya dunia hadi ikweta. Anayesimama Kayabwe yuko takriban kilomita 10,000 kutoka kwenye ncha hiyo, yaani megamita 10, na namba imenyooka hivyo kwa sababu mita ilitengenezwa ili inyooke. Sheria yao ya mwaka 1795 ndiyo iliyoweka viambishi: deka, hekto na kilo kutoka Kigiriki kwa vikubwa, desi, senti na mili kutoka Kilatini kwa vidogo. Mega, maikro na wenzao walikuja baadaye, na kazi haijaisha. Mwaka 2022 viliongezwa vinne, ronna, quetta, ronto na quecto, ambavyo mwanafunzi wa S.1 anaweza kuishi bila kuvijua.

Udhaifu? Upo, na si mdogo. Njia hii inamtaka mtoto ajue kuzidisha na kugawanya kwa 10, 100 na 1,000, na asiogope desimali. Mtoto wa P.4 aliyeshindwa 3.5 × 1,000 hatasaidiwa na kauli kwamba kiambishi ni namba; umemwongezea tatizo juu ya tatizo. Pili, kurudi nyuma, kutoka kipimo cha chini kwenda cha juu, kunahitaji hatua ya ziada. Gramu 750 kuwa kilogramu: kama 1 kg ni 1,000 g, basi 1 g ni 1/1,000 kg, na 750 × 1/1,000 ni 0.75 kg. Watoto huiruka hatua ya katikati, wanarudi kwenye kubahatisha kati ya kuzidisha na kugawanya. Waandike sentensi ile ya “kama 1 kg ni 1,000 g” kila mara, hata wakichoka.

Na kuna mtego wa mili. Mili na milioni zinafanana masikioni, na m na M zinafanana machoni. Mtoto anasikia milimita, anawaza milioni. Mwonyeshe rula, aone milimita kumi ndani ya sentimita moja, halafu aandike mg 500 na Mg 500 sambamba. Ya kwanza ni kidonge. Ya pili ni tani 500. Hapo hapo umalize na k: ni ndogo daima, km, kg, kW. Magunia yameandikwa KGS 50 na maduka yameandika Kgs ukutani, lakini K kubwa ni kelvini, kipimo cha joto, na alama za vipimo haziongezewi s ya wingi.

Chupa, rula na boksi

Vitu vya mkononi havishindani na njia hizi nne. Vinatangulia. Mtoto asiyejua mililita ni kiasi gani atazidisha na kugawanya vizuri huku akiandika kwamba kikombe cha chai ni lita 300.

Zoezi moja linalolipa: bomba la sindano la mililita 10, lisilo na sindano, kutoka duka la dawa, na chupa tupu ya maji ya nusu lita. Watoto wanavuta maji na kujaza chupa, darasa zima linahesabu kwa sauti. Linaisha kwenye 50. Kuna atakayesema kabla ya mwisho kwamba lita nzima itakuwa 100. Huyo mpe chaki. La pili: boksi la karatasi ya manila lenye sentimita 10 kila upande, limetandikwa kaveera (mfuko wa plastiki) ndani. Mimina lita moja ya mchanga mkavu (maji yatakuaibisha) na uone linavyojaa hadi ukingoni. Desimita ya ujazo na lita vimekuwa kitu kimoja mbele ya macho yao, na swali la bili ya maji litakuwa jepesi miaka mitatu baadaye. La tatu ni chaki tu: mraba wa mita moja sakafuni, rula ya sentimita pembeni. Wahesabu vimiraba 100 kwenye mstari wa kwanza, waulizwe mistari mingapi itaingia.

Darasa la watoto 80 halifanyi haya kwa makundi ya wanne wanne. Fanya kwa kundi moja mbele, wengine wakitabiri jibu kwenye daftari kabla ya kuona. Utabiri ulioandikwa unawafanya watazame. Na vitu vina mpaka: huwezi kuleta megawati darasani, wala maikrogramu 400 za foliki zilizo kwenye kidonge cha mama mjamzito. Huko ni namba tu zitakazokufikisha.

Sasa uchague

P.4 na mwanzo wa P.5: vitu, na viambishi vitatu peke yake, kilo, senti na mili. Hekto, deka na desi wasizione bado. Sentensi ya Hamisi na Salma isubiri pia; kumpa mtoto majina saba wakati anatumia matatu ni kumchanganya.

P.5 hadi P.7: jedwali, kila siku, likiwa limebandikwa ukutani kwa manila ili mtoto asipoteze muda kulichora. Hapa ndipo sentensi inaingia, kuwasaidia kulikumbuka siku ukuta haupo. Anzisha pia desturi ya kuandika namba chini ya kila kichwa cha safu, 1,000 chini ya km, 1/100 chini ya cm. Ni mstari mmoja wa ziada, lakini ndio daraja la kwenda njia ya nne, na mwenye akili nyepesi atavuka mwenyewe P.6 bila kusubiri ruhusa.

Kama shule yenu tayari inatumia ngazi na watoto wameizoea, usiifute P.7. Iandikie namba kando ya vipandio, wafundishe kuuliza “gauni linafika Mukono?” kila wanapopata jibu, na kwa eneo uwapeleke moja kwa moja kwenye cm × cm badala ya ngazi ya pili.

S.1 na kuendelea: namba, tena kwa vipeo, 10³ kwa kilo, 10⁶ kwa mega, 10⁻³ kwa mili, 10⁻⁶ kwa maikro. Mwalimu wa hesabu na wa fizikia waafikiane kutumia maandishi yaleyale, maana mwanafunzi akiona ngazi saa mbili na vipeo saa nne ataamini ni mada mbili. Na wote wawili wamkumbushe kwamba kilogramu ina kiambishi tangu kuzaliwa kwake: ndicho kipimo cha msingi cha masi, lakini viambishi hubandikwa kwenye gramu. Sehemu moja ya milioni ya kilogramu ni miligramu.

Watu wazima, wakulima wanaochanganya dawa ya kunyunyizia au wahudumu wa duka la dawa, hawahitaji jedwali hata kidogo. Wape bomba la sindano, jerikeni na 1,000.

Na kama una kipindi kimoja tu kabla ya mtihani, darasa lenyewe limechanganya njia zote: acha nadharia. Andika ubaoni kilomita 2 na mita 45, sentimita 250 na mita moja ya mraba. Kila mmoja ajibu kwa njia aliyonayo. Makosa yatakayotokea utayajua kabla hawajamaliza, na dakika zilizobaki zitumie kwenye lile lililowaangusha wengi zaidi.